Mkoromo Uliolinda Zizi

Baba yangu alikoroma vile ambavyo sijasikia mtu mwingine akikoroma, na mimi nimelala na watu wengi, kwenye kambi za kuchuma pamba, kwenye misiba, na mahabusu mara moja kwa kosa ambalo halikuwa langu. Mgeni akilala kwetu mara ya kwanza, asubuhi anauliza kama jirani ana mashine ya kusaga. Tunacheka. Tunamwambia hapana, huyo ni mzee.

Kwetu huku Bunda vijijini hiyo haikuwa aibu. Ilikuwa sifa. Wakati ule wezi wa ng'ombe walikuwaga wengi, na wanakuja na mishale. Watu walisemaga boma lenye mkoromo kama ule haliguswi, mwizi akiusikia anajua hapa kuna mwanaume, anapita. Ukifikiria sana utaona haina akili, maana anayekoroma si amelala? Mwizi anataka nini tena? Lakini hakuna aliyefikiria. Ng'ombe wetu hawakuibwa hata siku moja, na hiyo ikawa ushahidi. Majirani waliibiwa. Mmoja alikuwa na mbwa saba, akaibiwa ng'ombe pamoja na mbwa wawili.

Kitu ambacho hatukuwa tunakisema ni kile kimya. Mkoromo ulikuwa unakwenda, unakwenda, halafu unakatika kama kamba. Sisi watoto tulikuwa chumba cha pili, ukuta wa udongo tu katikati. Ukikatika na sisi tunabana pumzi. Sijui kwa nini tulifanya hivyo, hatukuambiana. Unabana mpaka masikio yanapiga kelele. Halafu tunasikia kishindo kidogo kitandani, na mama anasema neno moja kwa lugha yetu ya nyumbani, maana yake "rudi". Hapo baba anavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyetolewa ziwani, na mkoromo unaanza tena. Tunapumua. Tulidhani mama anaota.

Asubuhi baba alikuwa anasimama mlangoni pa zizi. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa namba, ni mwiko, wanatajwa kwa mama zao. Anatoka mmoja, baba anakushika bega: "Huyu?" Wewe unasema huyu ni wa yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. "Na yule?" Yule ni wa mweusi mwenye tumbo jeupe. "Na mweusi?" Unarudi nyuma hivyo hivyo mpaka ufike kwa mtamba wa kwanza, aliyetoka kwa mjomba wa Suguti wakati bibi yangu anaolewa. Ukikosea hupigwi. Unasimama pale mpaka ukumbuke, chai inapoa, wenzako wanakunywa wanakuangalia. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini shule ile ya zizi niliimaliza. Kati ya watoto wote wa baba ni mimi niliyewashika wote.

Mama akafa. Alianza kwa homa, akakaa wiki, akaondoka. Baada ya matanga tukakaa wanaume, mimi na wadogo zangu, tukasema tumpe mzee heshima. Tukamjengea kibanda chake mwenyewe pale mlangoni pa zizi, bati jipya, kitanda cha futi nne, ili mkoromo wake usikike vizuri mpaka barabarani. Nilipiga misumari ya bati lile mimi mwenyewe. Mzee alifurahi. Alisema, "Sasa mmenirudisha kazini."

Alilala mle peke yake.

Sijui ilichukua muda gani. Haikuwa siku moja, nisikuongopee. Alianza kusinzia mchana, anakula huku anasinzia, ugali uko mkononi. Akawa mkali kwa vitu vidogo. Halafu siku moja nimesimama naye mlangoni pa zizi, ng'ombe wanatoka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaogopa wenyewe watasikia: "Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Nikacheka, nilidhani ni utani. Hakucheka.

Watu walisema mengi. Kuna waliosema amerogwa na waliosema ni uzee tu. Shangazi akasema mama yetu hakuzikwa upande unaotakiwa. Tukachinja mbuzi, tukaomba radhi kwa waliotangulia, na Jumapili mchungaji naye akaja akaomba, maana kwetu tunafanya vyote. Mzee alikula nyama ya yule mbuzi akauliza harusi ni ya nani. Alikuwa ananiita jina la kaka yake aliyekufa zamani. Mwanzoni tulikuwa tunamrekebisha, anaudhika, analia. Basi tukachoka. Tukawa tunamwitikia tu. Akisema mimi ni kaka yake, ndiyo. Akisema mama yuko kisimani anarudi, ndiyo mzee, anarudi. Akisema yule ng'ombe wa njano ni wa mweusi, na si kweli kabisa, ndiyo mzee, umesema sawa. Ilikuwa ni huruma. Lakini nilikuwa namwona usoni. Ukimwambia ndiyo alikuwa anakuangalia sana, kama mtu aliyepewa noti anaishika shika kuona kama ni ya bandia.

Alikufa hajui jina lake. Na alikoroma mpaka mwisho.

Sasa mimi. Mkoromo ule nimeurithi pamoja na zizi. Mke wangu alipoletwa, wenzake walimwambia umebahatika, umeolewa na spika. Na mimi nilijivuna, nisiwe mwongo. Nilikuwa na shingo nene kama ya fahali na nilikuwa napenda pombe ya mtama. Kusinzia mchana nako nilikuwa nako tangu zamani. Nimelala kanisani mpaka mzee wa kanisa akanigusa na fimbo ya sadaka. Nimelala juu ya baiskeli nikaingia kwenye shamba la pamba la mtu, akatoka ananiuliza kama nimekuja kupalilia. Nimelala kwenye kikao cha mahari ya binti yangu mwenyewe, na nilipoamka walikuwa wameshakubaliana na mimi ndiye niliyekuwa nikitikisa kichwa. Haya yote tulikuwa tunayacheka. Mimi ndiye nilikuwa nayasimulia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kicheko kiliisha Butiama. Dada yangu aliolewa huko, na ndiko alikozikwa. Kwetu siku ya kuzika, mkubwa wa upande wa marehemu anasimama kaburini anaeleza huyu ni nani, katoka kwa nani, amezaa nani. Haisomwi kwenye karatasi. Ukisoma karatasi watu wanasema huyu alimjua marehemu jana. Nikasimama. Nikasema baba, nikasema babu, nikasema bibi wa Suguti, sauti yangu inatoka vizuri. Nikafika kwa watoto wake. "Mtoto wake wa kwanza ni…"

Hakukuwa na kitu. Mtoto mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, amesimama mbele yangu kavaa koti, ananiangalia, namjua, nimembeba mgongoni. Jina halipo. Sio kwamba liko mbali linakuja. Pale lilipokuwa pamesafishwa kama sakafu. Nikasimama na mdomo wazi. Watu wakadhani ni uchungu, mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti na wengine wakapokea, na katika kelele hiyo nikakaa chini. Walinipa pole sana. Nilipokea pole, lakini mimi nilijua si uchungu. Nilikuwa nimesikia sauti ya baba: hawa ng'ombe ni wa nani?

Jina lilikuja kesho yake wakati nanawa miguu. Sikumwambia mtu.

Binti yangu wa tatu anakaa Musoma, Kitaji, anashona nguo, ana cherehani mbili barazani. Aliniona pale msibani, na huyu humwongopei. Akasema, "Baba, hurudi Bunda. Unakuja kwangu kupumzika." Nikaenda. Akanilaza sebuleni kwenye godoro jipya. Asubuhi nimekaa nakunywa chai na furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa kwetu, akaja na simu yake akaiweka mezani katikati ya vikombe.

"Mama hajawahi kukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Sikiliza."

Nikasikia mnyama. Nikacheka, nikasema, "Huyo ni babu yako kabisa." Yeye hakucheka. Halafu ikakatika. Nikadhani simu imezima. Akaniinulia kioo, nikaona mstari unaendelea kutembea. Binti yangu anasogeza midomo, anahesabu. Jogoo wa jirani anawika mle ndani ya simu, pikipiki inapita mle ndani ya simu, mimi simo. Nikagundua nimebana pumzi. Mzee mzima, na kikombe mkononi, nimebana pumzi kama nilivyokuwa nafanya nyuma ya ukuta wa udongo. Masikio yakaanza kupiga kelele. Nilitaka kumsukuma yule mtu. Halafu akavuta, kama ametolewa ziwani.

"Sekunde arobaini na moja," binti yangu akasema. "Na hiyo si ndefu. Ile ndefu niliacha kurekodi nikakutikisa, baba. Nilidhani umekufa kwangu."

Chai sikuimaliza.

Tukaenda hospitali. Daktari ni binti mdogo, amesuka, miwani imemzidi uso. "Shikamoo babu." Marahaba. Akasikiliza ile simu yote, akanipima presha, akaguna. Akachukua utepe akanipima shingo.

Nikamwambia, "Huyu binti yangu ndiye fundi, wewe tena unashona nini?"

"Nakushonea kola, babu. Hii shingo hailingani na mwili."

Alipoacha utani akanieleza. Alisema ukilala nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inafunga. Hewa ya kwenye damu inapungua, ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo, wewe hujui, unavuta hewa, unalala, inafunga tena. Usiku kucha. Kwa hiyo hata ukilala tangu jioni hujalala, ndiyo maana unasinzia mchana. Moyo unachoka na presha inapanda. Nilikuwa nasubiri aseme kingine, na hakusema, basi nikauliza mwenyewe.

"Na kusahau?"

Akavua miwani. Nikajua.

"Kwa nini unauliza, babu?"

Nikamweleza. Zizi, kile kibanda, ng'ombe ni wa nani, na Butiama pia. Binti yangu alikuwa hajajua kwamba kule Butiama ni jina lililopotea, nikasikia anavuta kiti. Daktari akasema polepole kwamba wanaochunguza mambo haya wameona watu wenye tatizo hili wako kwenye hatari zaidi ya kupata ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Ubongo unakosa hewa mara nyingi mno, na ule usingizi mzito ambao ndio wa kuupumzisha na kuusafisha haupati. "Lakini babu, nisikilize. Si kila anayekoroma anapata. Na bado wanachunguza kipi kinaleta kipi. Siwezi kukwambia baba yako aliugua kwa sababu hiyo. Wala siwezi kukwambia wewe utaugua."

"Unaweza kuniambia sitaugua?"

"Hapana."

Nilimpenda kwa hilo, na nilimchukia pia. Akasema kuna kipimo cha kulala na nyaya mwilini, kinapatikana Mwanza, ataniandikia, na huenda nikapewa mashine yenye barakoa ya kusukuma hewa usiku. Wakati nasubiri niache pombe, nipunguze mwili, nisilale chali. Na hata usingizi ukinyooka, hajui kama kilichokwishapotea kitarudi. Kusahau kwenyewe akasema kuna namna ya kupimwa, tutaanza na hili. Nikamuuliza, mashine ikiwashwa mkoromo unaisha? Akasema ndiyo, unaisha. Akadhani hiyo ni habari njema tu.

Nikarudi Bunda. Mdogo wangu akaja kunipa pole, huyu ndiye alichimba dhahabu Buhemba miaka mingi akarudi na kifua kibovu na maneno mengi. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"Kwa hiyo boma la baba litalala kimya."

"Nataka kubaki na akili yangu."

"Akili ya nini? Darasa la nne hiyo?" Akacheka peke yake. "Kaka, watoto wa mjini wamekutisha. Sikiliza. Kibanda cha mzee bado kipo. Bati zima. Hamia pale mlangoni, ukorome kama mwanaume, shemeji apumzike ndani. Mzee alikaa pale na hatukupoteza hata ndama."

Mke wangu alikuwa anapepeta mtama pale nje. Ungo ukasimama.

"Hatakwenda kulala kule," akasema.

"Shemeji, hapa tunaongea…"

"Hatakwenda kule. Kule ndiko mlikomuulia baba yenu."

Mke wangu si mtu wa kusema hivyo mbele ya shemeji. Akaweka ungo chini, akajipangusa mikono, na akasema jambo ambalo nimeishi naye miaka yote hii sijalijua. Alipoletwa bibi harusi, mama yangu alimwita jikoni akamfunga mlango. Akamwambia, mwanangu anakoroma kama baba yake, na wote wawili hunyamaza. Akinyamaza usimwache, mpige teke, mwambie arudi. Na usimwambie kamwe, maana mwanaume akijua mke anampiga teke kitandani kila siku, hutakaa hapa. "Basi nampiga," akasema. "Toka siku ile. Mguu wangu huu wa kulia hauna usingizi. Na mama alipokufa nilitaka kusema mzee asilale peke yake. Nilikuwa nani wa kusema? Mmesimama na misumari, mnajenga heshima."

Mdogo wangu akaaga. Mimi nilibaki naangalia lile bati. Daktari alisema hawezi kujua, na mimi pia siwezi kujua. Lakini misumari ile niliipiga mimi, na mkono wangu unakumbuka kila mmoja.

Tangu siku hiyo ndio naogopa kweli. Kabla nilikuwa naogopa kusahau. Sasa namwangalia mke wangu anavyopanda ngazi tatu za kanisa anapumzika katikati, naogopa jambo lingine. Akitangulia yeye, nani atajua nimenyamaza? Nikifikiria hivyo najiona naogopa kifo cha mtu kwa ajili ya mguu wake, naona aibu. Lakini nimesema nitaandika ukweli.

Binti yangu ameshona fulana yenye mfuko mgongoni, ndani ametia magunzi mawili ya mahindi. Nikigeuka chali yananichoma, narudi ubavu. Wajukuu wanasema babu amepata nundu kama ng'ombe. Pombe nimeacha, na uongo nimebakisha kidogo. Tarehe ya Mwanza tunaisubiri. Mkoromo umepungua, na mdogo wangu anasema barabarani watu wanauliza kama nimesafiri. Nimeanza na kuandika kwenye daftari la shule, hili hapa, mwiko au si mwiko, karatasi au si karatasi. Nimeandika watoto wote wa dada yangu. Ng'ombe sijawaandika. Hao nataka wabaki kichwani, ili nijue siku wakianza kupotea.

Kwa hiyo kila asubuhi mke wangu anakamua na mimi nasimama mlangoni pa zizi. Yeye ndiye anauliza sasa. Yeye naye anawajua, miaka yote ananisikia. Leo alikuwa na yule mwekundu mchanga.

"Huyu?"

Nikasema ni wa yule mwenye baka jichoni.

"Na mwenye baka?"

Ni wa yule wa kijivu aliyezaa mapacha.

"Na wa kijivu?"

Nikafungua mdomo. Maziwa yalikuwa yanalia kwenye ndoo, tsi, tsi, halafu yakanyamaza, maana mikono yake ilisimama. Akabaki ameinama, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, hanitazami. Sijui ni muda gani. Niliona mabega yake hayapandi wala hayashuki. Alikuwa amebana pumzi.

"Rudi," akasema, taratibu sana.

Nikasema, "Ni wa mweusi mwenye tumbo jeupe."

"Ndiyo," akasema, na mikono ikaanza tena kukamua.

Nikasogea mpaka upande wa pili wa ng'ombe, nikainama, nimwone uso. Alikuwa anatazama ndoo. Nilimtazama sana. Miaka ile na mimi nilikuwa namwambia baba ndiyo, kwa sauti hiyo hiyo.